Kitufe cha Plastiki na Haki ya Kujibu

Historia ya kuupiga picha ubongo huandikwa, kama zilivyo historia nyingi za sayansi, kwa majina ya washindi. Mwaka 1952 Felix Bloch na Edward Purcell walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kuonyesha namna viini vya atomu vinavyoitikia mawimbi ya redio vikiwa ndani ya uga wa sumaku. Mwaka 2003 Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza wakapewa Nobel ya Tiba kwa kuugeuza mwitikio huo kuwa picha, na Raymond Damadian, aliyeachwa nje, akalipia kurasa nzima za magazeti makubwa ya Marekani kulalamika kwamba amedhulumiwa. Ugomvi huo unasisimua, na wanafunzi wangu huupenda, lakini kwa maoni yangu unatuzoesha kuitazama mashine kwa jicho la aliyesimama nje. Leo nataka niitazame kwa jicho la aliyelazwa ndani. Ili niweze, nitafuata nyayo za kitu kidogo kisicho na mshindi wala tuzo: kitufe cha plastiki kinachowekwa chini ya kidole cha mtu huyo ili ajibu anachoulizwa.

Msomaji atauliza: kwa nini cha plastiki? Hapana budi kuanza na chumba chenyewe. Sumaku ya MRI haiwashwi asubuhi ikazimwa jioni. Katika mashine nyingi za hospitali kubwa, sumaku hiyo ni waya uliozamishwa ndani ya heliamu ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na umeme ukishaanza kuzunguka humo hauhitaji kusukumwa tena. Unazunguka usiku na mchana, awepo mgonjwa asiwepo. Mashine ya tesla 3, inayotumika sana katika utafiti wa ubongo, ina nguvu ya karibu mara 60,000 ya usumaku wa dunia, ule unaoelekeza dira ya nahodha. Mwezi Julai 2001, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka 6 aliyekuwa amelazwa ndani ya mashine alipoteza maisha baada ya mtungi wa oksijeni kuingizwa chumbani na kuvutwa kwa kasi mpaka kichwani pake. Mwaka uliofuata Chuo cha Radiolojia cha Marekani kilitoa mwongozo wa usalama wa vyumba hivyo. Hata hivyo, mwaka 2018, mjini Mumbai, kijana wa miaka 32 aliyemsindikiza ndugu yake hospitalini alifariki kwa sababu ileile: mtungi wa oksijeni.

Kuvutwa, hata hivyo, ni hatari moja tu kati ya tatu. Shaba haivutwi na sumaku, alumini haivutwi, lakini waya wa shaba uliolazwa juu ya ngozi huweza kuunguza, kwa kuwa mawimbi ya redio yanayorushwa na mashine huzalisha umeme ndani ya kila kinachopitisha umeme. Hatari ya tatu haimdhuru mtu, inaidhuru picha. Sauti inayotoka mwilini kwenda kwenye mashine ni dhaifu mno; kwa tesla 3 mashine husikiliza kwenye masafa ya takriban megahezi 128, jirani kabisa na stesheni zetu za FM. Ndiyo maana chumba kizima huzungushiwa kizimba cha shaba ndani ya kuta, dari na sakafu, ili redio za mjini zisiingie. Sasa ukipitisha waya mmoja tu wa kipanya cha kompyuta kutoka chumba cha nje mpaka mkononi mwa aliyelazwa, umeingiza antena ndani ya kizimba. Picha itatoka na michirizi kama televisheni ya zamani wakati wa mvua.

Hapa lugha yetu inadai uangalifu kidogo. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "chuma" tukimaanisha karibu kila kitu kigumu kinachong'aa, ilhali tukibanwa tunakumbuka kwamba shaba ni shaba, dhahabu ni dhahabu, na chuma ni chuma. Anayeambiwa asiingie na "chuma" atatoa funguo na kisu, lakini huenda asifikirie mkufu wa shaba wala nyuzi za fedha zilizofumwa kwenye nguo. Kwa fundi wa vifaa tofauti hii ni kubwa. Kifaa kisicho na chuma hakitaruka hewani. Kifaa kisicho na metali ya aina yoyote hakitaruka, hakitaunguza, wala hakitaipigia mashine kelele. Watafiti wa ubongo walihitaji hicho cha pili, na hakikuwepo dukani.

Kitufe chenyewe kina ukoo mrefu kuliko sumaku. Mwaka 1868 daktari wa Kiholanzi, F. C. Donders wa Utrecht, alichapisha utafiti wake juu ya kasi ya mawazo. Alipima muda ambao mtu huchukua kuitikia ishara moja, kisha muda anaochukua akilazimika kwanza kuchagua kati ya ishara mbili, halafu akatoa wa kwanza katika wa pili. Tofauti iliyobaki, alisema, ni muda wa kuchagua. Wazo hilo la kutoa kimoja katika kingine ndilo msingi wa picha nyingi za ubongo mnazoziona magazetini leo zikiwa na madoa mekundu: ni picha ya kazi moja iliyotolewa katika picha ya kazi nyingine. Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alifungua maabara yake ya saikolojia mjini Leipzig, na katika maabara za namna hiyo kifaa cha kujibia mara nyingi kilikuwa kibonyezo cha telegrafu, kile cha shaba nyeupe na njano kilichokwisha kuzagaa duniani. Mwaka huohuo 1879 waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar kutoka Aden ukaendelea Msumbiji hadi Durban, nasi tukaunganishwa na milki ya Waingereza kwa kibonyezo cha aina moja na kile kilichokuwa kikiwapima Wajerumani akili.

Jambo moja la Leipzig nataka lisitupite. Katika maabara ya Wundt, anayebonyeza na anayepima walikuwa watu wa daraja moja na mara nyingi walibadilishana zamu. Leo wewe unapima, kesho unapimwa. Anayepimwa hakuwa mtu wa chini. Mgawanyo wa baadaye, wa mtaalamu mwenye jina upande huu na "mhusika" asiye na jina upande ule, ulijengwa polepole na haukuwa lazima. Nilipousoma ukweli huo kwa mara ya kwanza ulinishangaza kuliko nadharia zote za Wundt.

Turudi kwenye sumaku. Mwaka 1990 Seiji Ogawa, akifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, alionyesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyopokonywa oksijeni hutofautiana ndani ya uga wa sumaku kiasi cha kuonekana pichani. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu mpya. Basi, bila sindano wala dawa, mashine ingeweza kuona kazi ikifanyika. Mwaka 1992 makundi kadhaa yalichapisha majaribio ya kwanza ya namna hii kwa binadamu. Kenneth Kwong na wenzake wa Boston walimulika mwanga machoni mwa watu na kuwataka wakunje kiganja. Peter Bandettini na wenzake wa Milwaukee waliwaambia watu wagonganishe vidole vyao.

Tazameni aina ya maagizo hayo. Kunja. Gonganisha. Tazama mwanga. Aliyelazwa hakuulizwa kitu, aliamriwa. Kwa mwanafizikia ilitosha, kwa kuwa alitaka kujua kama mashine inaona. Haikumtosha mwanasaikolojia, ambaye hutaka kujua kama neno hili ulikwisha kuliona, kama uso huu una hasira au huzuni, kama unachagua shilingi kumi leo au ishirini mwezi ujao. Tena alihitaji kujua jambo la kawaida zaidi: je, mtu wangu yuko macho au amesinzia? Ndani ya bomba lenye giza, amelala chali, kichwa kimebanwa kisitikisike, masikio yamezibwa kwa sababu mashine hupiga kelele zinazozidi desibeli 100, mtu hana namna ya kuzungumza. Na akizungumza, taya hutikisa kichwa na picha huharibika. Imebaki mikono.

Kulikuwa na njia tatu za kuitumia mikono hiyo. Ya kwanza ni hewa, nayo nitaieleza baadaye kwa kuwa ni ya heshima ya pekee. Ya pili ni kutumia nyaya zilizotengenezwa kwa kaboni, au nyaya za kawaida zilizochujwa mawimbi pale zinapopenya ukuta. Zilitumika na bado zinatumika, lakini kila waya ni mjadala mpya na fundi wa usalama. Ya tatu ni mwanga.

Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakiwa katika maabara ya kampuni ya simu huko Harlow, Uingereza, walitoa hoja kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha, unywele wake utaweza kubeba mwanga kwa masafa marefu. Kao alipewa Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Mwaka huohuo nyaya za kwanza za vioo vya namna hiyo zilitia nanga kwenye pwani yetu, SEACOM ikifika Mombasa na Dar es Salaam, na sisi Watanzania tukaanza kuzoea neno "mkongo". Mkongo tunaoujua ni ule wa intaneti na bei za vifurushi. Lakini sifa iliyoufanya mkongo ufae chini ya bahari, kwamba mwanga hausumbuliwi na umeme wala sumaku, ndiyo iliyoufanya ufae ndani ya chumba cha MRI. Unywele wa kioo au wa plastiki haupitishi umeme. Hauvutwi, haupati moto, na haugeuki antena. Hupitishwa ukutani ndani ya bomba jembamba ambalo mawimbi ya redio hayawezi kulipenya, na kizimba hubaki kizimba.

Utendaji wake ni rahisi kiasi cha kumfanya mtu atabasamu. Kwenye chumba cha nje kuna kijisanduku chenye taa ndogo. Mwanga wa taa hiyo husafiri kwa unywele mmoja mpaka chini ya kidole, kisha hurudi kwa unywele mwingine. Kidole kikibonyeza, kibao cha plastiki hukatiza mwanga au huurudisha. Kijisanduku huona giza au nuru, nacho huiambia kompyuta kwamba herufi fulani imepigwa. Kompyuta haijui kama kuna sumaku duniani. Yenyewe inadhani mtu ameketi mezani anapiga kibodi, akibonyeza 1, 2, 3 au 4. Na kuna kichekesho kidogo ambacho wanafunzi wa maabara hukizoea upesi: katika mpangilio uliozoeleka, mashine ya MRI nayo hutuma ishara kila inapoanza picha mpya, na kijisanduku huifikisha ishara hiyo kwa kompyuta kama tarakimu 5. Hivyo kwenye faili moja utakuta vidole vya binadamu na mapigo ya sumaku vimeandikwa pamoja, kana kwamba ni watu wawili wanaoshika kibodi moja.

Kipanya kilileta tabu zaidi. Kile cha kwanza, kilichobuniwa na Douglas Engelbart na kuundwa na Bill English huko California mwaka 1964, kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili ya metali. Vipanya vilivyofuata vilikuwa na tufe la chuma lililovikwa mpira, zito makusudi ili liviringike vizuri. Sitaki kufikiria tufe lile ndani ya tesla 3. Hata kipanya cha mwanga tunachotumia leo, ingawa hakina tufe, kina bodi ya umeme na waya. Mafundi walilazimika kurudi nyuma na kutenganisha kile kinachosogea na kile kinachofikiri: mkononi mwa mtu wakabakiza mpira wa kuviringisha au kijiti cha kuongozea, vyote vya plastiki, na vitambuzi vyote wakavihamishia nje ya ukuta, vikisoma miondoko kwa nyuzi za mwanga.

Nani hasa aliyefanya kazi hiyo? Hapa ndipo historia ya washindi inapokwama. Leo zipo kampuni ndogo zinazojulikana kwa vifaa hivi, kama Current Designs ya Philadelphia na NordicNeuroLab ya Bergen, Norwe. Lakini vifaa vingi vilizaliwa katika karakana za vyuo vikuu, mikononi mwa mafundi ambao makala za kisayansi huwashukuru kwa mstari mmoja mwishoni, kama wakishukuriwa. Kifaa chenyewe hutajwa katika sehemu ya mbinu, katikati ya sentensi, kisha msomaji huruka kwenda kwenye matokeo. Bei yake, kwa anayenunua, huhesabiwa kwa maelfu ya dola, kwa kitu ambacho kwa macho ni vitufe vinne vya rangi. Mtu analipia uhakika kwamba hakuna skrubu ya chuma iliyosahaulika.

Mara chache kifaa hicho kimetoka kwenye kivuli chake. Mwaka 2008 Charles Limb na Allen Braun walichapisha utafiti juu ya wapiga piano sita wa jazi waliopiga muziki wakiwa ndani ya mashine. Iliwabidi watengenezewe kinanda maalumu cha vibao 35 vya plastiki, kisicho na kitu cha kuvutwa na sumaku, kikalazwa mapajani huku wao wakikitazama kwa kioo. Walipobuni muziki papo kwa papo, badala ya kupiga walichokariri, sehemu za mbele na pembeni za ubongo zinazohusishwa na kujichunga zilipunguza shughuli, na sehemu ya mbele ya katikati ikazidisha. Utafiti ule ulisifiwa sana, na mimi pia nausifu, ingawa watu sita ni watu sita. Lakini angalieni: bila kinanda kile kusingekuwa na swali. Kabla hajatokea mtu wa kutengeneza vibao vya plastiki, ubunifu wa mwanamuziki haukuwa jambo ambalo mashine hiyo ingeweza kuulizwa. Ndiyo maana nashikilia kwamba kifaa cha kujibia huamua ni maswali gani yataitwa sayansi.

Sasa ile njia ya hewa. Yeyote aliyewahi kupimwa kwa MRI anaijua: ni kijipira cha mpira chenye mrija, unachopewa kabla kitanda hakijaingizwa ndani. Ukikiminya, hewa husukumwa kwenye mrija mpaka nje ya ukuta na kengele hulia. Hakina umeme, hakina kioo, hakina hesabu. Ni kifaa cha kuingizia taarifa chenye neno moja tu, nalo ni "nitoeni". Mpelelezi wa historia angekipuuza, na mimi nakihesabu kuwa cha kwanza kwa hadhi. Vitufe vya nyuzi za mwanga vilibuniwa ili mtafiti apate majibu ya maswali yake. Kijipira kinampa aliyelazwa nafasi ya kusema jambo ambalo hakuulizwa. Chumba chenye vitufe vya thamani kubwa na kisicho na kijipira ni chumba cha mahojiano.

Neno hilo, mahojiano, silitumii kwa kutia chumvi. Katika muongo wa kwanza wa karne hii kampuni mbili za Marekani, No Lie MRI na Cephos, zilianza kuuza huduma ya kugundua uongo kwa picha za ubongo. Utaratibu ulikuwa mwepisi: mtu alazwe, asomeshwe maswali, abonyeze kitufe cha ndiyo au cha hapana, kisha kidole kiwekwe pembeni na ubongo usomwe ili kuona kama kidole kimesema kweli. Mwaka 2010 mahakama ya shirikisho jimboni Tennessee iliukataa ushahidi wa aina hiyo, uliokuwa umeletwa na mshtakiwa mwenyewe ili kujitetea katika kesi ya udanganyifu wa madai ya bima ya afya, na mahakama ya rufani ikakubaliana na uamuzi huo mwaka 2012. Wanaharakati mnaosoma hapa mtaona mara moja hatari iliyojificha. Leo mshtakiwa ameileta picha kwa hiari. Siku polisi watakapotaka kuileta bila hiari yake, haki ya kunyamaza itakuwa ya kinywa tu, au ya mwili mzima?

Sayansi yenyewe ilitoa jibu la kejeli. Mwaka 2011 Giorgio Ganis na wenzake walionyesha kwamba watu waliofundishwa hila ndogo, ya kusogeza kidole cha mkono au cha mguu kwa namna isiyoonekana, waliangusha usahihi wa kipimo kutoka asilimia 100 hadi 33. Kidole kilichokuwa kimedharauliwa kama shahidi muongo kikaishinda sumaku. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Craig Bennett na wenzake walikuwa wamemlaza samaki aina ya samoni ndani ya mashine, amekwisha kufa, wakamwonyesha picha za watu na kumtaka aeleze watu hao wana hisia gani. Hesabu zilizofanywa kwa uzembe makusudi zilionyesha "shughuli" ubongoni mwake. Kitufe, bila shaka, hakubonyeza. Watu huusimulia mzaha huo kama somo la takwimu, na ndivyo ulivyokusudiwa, lakini unaonyesha pia kwamba mtafiti asiyesubiri jibu la mhusika anaweza kuzungumza na maiti bila kujua.

Na bado kuna watu walio hai wasioweza kubonyeza. Mwaka 2006 Adrian Owen, wakati huo akiwa Cambridge, alichapisha pamoja na wenzake habari za mwanamke wa miaka 23 ambaye, baada ya ajali ya barabarani, madaktari walimhesabu kuwa macho yake yako wazi lakini hana fahamu. Walimwambia afikirie anacheza tenisi. Sehemu za ubongo zinazopanga miondoko zikaamka, kama kwa mtu mzima wa afya. Wakamwambia afikirie anatembea vyumbani nyumbani kwake, zikaamka sehemu nyingine. Mwaka 2010 Martin Monti na wenzake wa Cambridge na Liège waliwapima wagonjwa 54 wenye majeraha makubwa ya ubongo. 5 waliweza kufanya hivyo kwa kuamriwa, na mmoja wao alijibu maswali ya ndiyo na hapana kwa kufikiria tenisi kwa jibu moja na nyumba kwa jibu la pili. Katika maswali sita alijibu matano, yote sawasawa. Miaka thelathini hivi baada ya mashine kuanza kupiga picha za binadamu, mgonjwa alikuwa ameigeuza yote, tani zake na heliamu yake, kuwa kibodi yenye vitufe viwili. Mwaka 2012 mgonjwa mwingine, nchini Canada, aliulizwa kwa njia hiyo swali ambalo daktari yeyote angeuliza kwanza: kama anasikia maumivu. Alijibu kwamba hasikii.

Naandika haya nikiwa katika ukanda ambao mashine hizi ni chache. Utafiti wa mwaka 2018 ulihesabu mashine 84 za MRI kwa watu zaidi ya milioni 372 wa Afrika Magharibi. Kwetu Mashariki hali si ya kujivunia. Lakini si kweli kwamba tunasubiri tu. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, timu ya Johnes Obungoloch, ikishirikiana na wataalamu wa Leiden, Uholanzi, iliunganisha kwa mikono yake mashine ndogo ya MRI kutoka vipande, katika muda usiofika wiki mbili. Sumaku yake ni ya kudumu, haihitaji heliamu, na nguvu yake haifiki hata sehemu ya kumi ya tesla moja. Imekusudiwa hasa watoto wachanga wenye maji kichwani. Haiwezi kuonyesha ubongo ukiwa kazini, kwa hiyo haihitaji vitufe vya mwanga. Lakini waliounganisha sumaku wanaweza kuunganisha kijisanduku cha kitufe, ambacho ni kazi nyepesi mara mia, na siku mashine kubwa za utafiti zitakapozoeleka huku sioni kwa nini kitufe kije kwa meli.

Kuna sababu nyingine ya kukitengeneza wenyewe, nayo ni ya lugha. Vitufe viwili, ndiyo na hapana, vinaonekana kuwa vya binadamu wote. Sivyo. Ukiniuliza "Hujala?" nami sijala, nitakujibu "Ndiyo, sijala", kwa kuwa wengi wetu tunakubali au kukanusha usemi wa muulizaji. Mwingereza mwenye njaa ileile angejibu kwa kukana. Ukichukua jaribio lililotungwa London, ukalitafsiri maneno na kuviacha vitufe vilivyo, kompyuta itaandika kwamba Mswahili amekosea kila sentensi ya kukanusha, kisha atatokea mtu wa kueleza kasoro hiyo kwa picha ya ubongo. Kwa mwanafunzi aliyejitolea hilo ni usumbufu tu. Kwa mgonjwa wa aina ya wale wa Cambridge na Liège, aliyelala pale akiwa hana kidole wala ulimi, ni jambo jingine. Wengi wa mabibi zetu hawajawahi kushika raketi. Tenisi italazimika kuwapisha kinu na mchi, au kasia, au ngoma, chochote ambacho mikono yao imekifanya maelfu ya mara. Na daktari hatapaswa kumwuliza "Huumwi?", bali "Unaumwa?", kwa sababu mtu huyo hataweza kuongeza neno la pili baada ya ndiyo yake.